Pembe Nne za Kadi na Mamilioni Yanayozitegemea

Agosti 2022, kampuni ya minada ya Heritage ya Marekani iliuza kadi moja ya karatasi kwa dola milioni 12.6. Kadi yenyewe ina picha ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa New York Yankees. Ilichapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, ikatiwa ndani ya pakiti pamoja na bigijii, ikauzwa kwa watoto kwa senti chache tu. Si kadi ya pekee duniani. Kadi hiyo, namba 311 katika seti ya mwaka huo, wanayo watu wengi, yenye picha ile ile na wino ule ule. Iliyochakaa, yenye mikunjo na pembe zilizolika, hupatikana kwa makumi ya maelfu ya dola. Ni fedha nyingi pia, lakini kati ya makumi ya maelfu na milioni 12 kuna bahari.

Bahari hiyo ni hali ya kadi. Wapimaji wa kampuni ya SGC walikuwa wameitazama ile ya milioni 12.6 kwa kioo cha kukuza na kuipa alama 9.5 kati ya 10. Baada ya miaka 70, pembe zake zilikuwa bado kali na rangi yake ilikuwa haijafifia.

Msomaji asiyeijua biashara hii anaweza kuona ni wazimu wa watu wenye fedha za kuchezea. Mimi naiona tofauti. Soko la kadi ni mahali pazuri pa kujifunza jinsi binadamu anavyopanga thamani, kwa sababu humo kitu chenyewe hakina kazi yoyote. Hakiliwi, hakivaliwi, hakijengewi. Wino na karatasi vyake ni vya senti. Bei yote inatokana na mambo matatu: nani yuko kwenye picha, nakala ngapi zimebaki, na hii niliyoishika imebaki katika hali gani. Jambo hilo la tatu ndilo linaloweza kuongeza bei mara mia, na ndilo linalovuta udanganyifu mkubwa kuliko mengine yote.

Wapimaji hutazama sehemu nne: pembe, kingo, uso, na mkao wa picha katikati ya kadi. Pembe ndizo za kwanza kuumia. Kadi ikiangukia sakafuni mara moja, au ikisukumwa vibaya ndani ya mfuko, ncha ya karatasi hufumuka na kuonyesha weupe, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kingo nazo huchubuka, hasa kwenye kadi zenye mpaka wa rangi iliyokolea. Kadi za mpira wa kikapu za Fleer za mwaka 1986, ambazo ndani yake imo ile maarufu ya Michael Jordan, zina mpaka wa rangi unaofika hadi ukingoni, kwa hiyo mchubuko mdogo kabisa huonekana kama doa jeupe juu ya nyekundu. Uso hukaguliwa kwa kuuinamisha chini ya taa ili mwanga uteleze juu yake. Hapo hujitokeza mikwaruzo, alama za vidole, mstari ulioachwa na mtambo wa kuchapia, au mkunjo mwembamba ambao jicho lisingeuona kadi ikiwa imelala mezani.

Sehemu ya nne ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu mwenye kadi hana hatia yoyote. Kadi huchapwa nyingi pamoja kwenye karatasi kubwa, kisha kisu cha mtambo huzikata. Karatasi ikisogea kidogo tu, picha haikai katikati. Chukua kadi yenye pambizo la milimita 3 kushoto na milimita 2 kulia. Huo ni uwiano wa 60 kwa 40, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mwisho wa uvumilivu wa kampuni ya upimaji ya PSA kwa upande wa mbele wa kadi inayoomba alama ya 10. Tofauti ya milimita moja. Mtoto anaweza kufungua pakiti leo, akaichukua kadi kwa ncha za vidole, akaitia moja kwa moja kwenye kifuko, na bado akaambiwa ni ya 8, kwa sababu kosa lilishatendeka kiwandani kabla hajaigusa.

Kadi ikishapimwa, hufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa, juu yake ikibandikwa lebo yenye jina la kadi, alama na namba ya usajili. PSA ilianza kazi hiyo mwaka 1991, na baadaye zikaja Beckett, SGC, CGC na nyingine. Ni kama karafuu za Zanzibar zinavyopangwa kwa daraja kabla ya bei kutajwa: mnunuzi wa kadi leo hukaa Tokyo akanunua ya muuzaji wa Texas bila kuigusa, kwa kuiamini alama iliyo kwenye lebo. Bila mpango huo soko lisingefika lilipofika. Machi 2021, wakati wa janga la korona, PSA ililemewa na mamilioni ya kadi kiasi cha kusimamisha upokeaji wa sehemu kubwa ya kazi mpya hadi iyapunguze marundo yaliyokuwa yakiingoja.

Kwa nini kadi nzima za zamani ni chache hivyo? Kwa sababu zilitengenezwa zichezewe. Watoto wa Marekani wa miaka ya 1950 walizirusha ukutani wakishindana, walizifunga kwa raba ambayo ilikula kingo zake, walizibana kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio kama wa pikipiki. Wengine waliandika majina yao nyuma kwa kalamu. Bigijii yenyewe iliacha doa kwenye kadi iliyolala nayo. Kisha mtoto akakua, akaenda jeshini au chuoni, na mama akasafisha chumba. Sioni kosa katika hilo. Kadi zilitimiza kazi iliyozileta duniani.

Za Mantle zilipata mkosi wa ziada. Fungu la mwisho la kadi za 1952, ambamo namba 311 ilikuwemo, lilitoka msimu ukielekea mwisho, na halikuuzika vizuri. Masanduku yalikaa ghalani kwa miaka. Sy Berger wa Topps, mmoja wa walioibuni kadi hiyo, alisimulia kwamba mwaka 1960 aliyapakia kwenye tishari na kuyamwaga katika Bahari ya Atlantiki ili kupata nafasi. Ndiyo maana ilikuwa habari kubwa mwaka 1986, mfanyabiashara Alan Rosen aliponunua huko Massachusetts maelfu ya kadi za 1952 ambazo hazikuwahi kufika mikononi mwa watoto. Ile ya dola milioni 12.6 ilitoka kati ya kadi hizo za Rosen. Mwaka 1991 Rosen aliiuza kwa dola 50,000, na wakati huo watu walishangaa kwamba kuna mtu amelipa fedha zote hizo.

Kadri mtu anavyopanda ngazi za alama ndivyo kila hatua inavyokuwa ghali. Kutoka 4 hadi 5 ni ongezeko la kawaida. Kutoka 9 hadi 10 mara nyingi ni kuruka ukuta. Mfano ulio wazi kuliko wote ulitokea Dubai mwezi Julai 2021. Mmarekani Logan Paul, mtu wa video za mtandaoni na mieleka, alikuwa tayari anayo kadi adimu ya mchezo wa Pokémon iitwayo Pikachu Illustrator, yenye alama ya 9 ya PSA. Kadi hiyo haikuuzwa dukani hata siku moja. Ilitolewa Japani mwaka 1997 na 1998 kama zawadi kwa washindi wa mashindano ya uchoraji ya jarida la CoroCoro, na zinazojulikana ni kama 40 tu. Dubai kulikuwa na nakala iliyopewa 10, ya pekee. Paul alitoa yake ya 9, iliyothaminiwa kwa dola milioni 1.275, akaongeza dola milioni 4 taslimu. Alilipa milioni 4 kwa ajili ya tofauti ambayo wewe na mimi, tukiwekewa kadi hizo mbili mezani, huenda tusingeiona. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliuandika ununuzi huo kuwa ghali kuliko wote wa kadi ya Pokémon uliofanywa nje ya mnada.

Hata Charizard, kadi nyingine ya Pokémon, ya toleo la kwanza la Kiingereza la mwaka 1999, iliyochorwa na Mitsuhiro Arita, inafuata kanuni hiyo. Nakala yenye 10 iliuzwa kwa dola 420,000 mwezi Machi 2022. Zenye 9 siku hizo zilikuwa zikienda kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, ingawa nazo ni kadi ambazo mtu wa kawaida angeapa kwamba hazina dosari.

Palipo na tofauti ya mamilioni kati ya ukingo safi na ukingo uliochubuka, atatokea mtu mwenye wembe. Hapa ndipo hadithi ya Honus Wagner inapoingia, na kwa maoni yangu hakuna anayepaswa kununua kadi ya bei kubwa kabla ya kuijua.

Wagner alichezea Pittsburgh Pirates mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 kampuni ya American Tobacco ilianza kutia kadi za wachezaji ndani ya pakiti za sigara, na ya kwake ikasitishwa mapema. Wengi husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa sababu yake, wengine husema lilikuwa suala la malipo. Zilizobaki zinakadiriwa kuwa kama 60, na nyingi zimechoka kabisa. Mwaka 1985 mfanyabiashara Bill Mastro alinunua moja huko New York kwa dola 25,000. Miaka miwili baadaye aliiuza kwa dola 110,000. Mwaka 1991, kwenye mnada wa Sotheby's, nyota wa hoki Wayne Gretzky na mshirika wake Bruce McNall waliinunua kwa dola 451,000, na tangu hapo inaitwa Wagner ya Gretzky.

PSA ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kadi ya kwanza kabisa kuisajili ilikuwa hiyo, na ikaipa 8, alama ambayo hakuna Wagner nyingine imewahi kuikaribia. Kuanzia hapo bei haikushuka tena. Iliwahi kuwa zawadi ya bahati nasibu ya Wal-Mart, ikauzwa Christie's mwaka 1996 kwa dola 640,500, ikavuka milioni 1 mwaka 2000, na mwaka 2007 ikauzwa mara mbili, ya pili kwa dola milioni 2.8 kwa Ken Kendrick, mmoja wa wamiliki wa timu ya Arizona Diamondbacks.

Minong'ono ilikuwepo muda wote. Kingo zilinyooka mno, pembe zilikuwa kali mno, kwa kadi iliyotoka kwenye pakiti ya sigara. Mwaka 2013, akiwa mbele ya mahakama ya shirikisho huko Chicago kwa makosa ya udanganyifu katika minada yake, Mastro alikiri kwamba aliikata kingo za pembeni kabla ya kuiuza. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Kwa hiyo kadi iliyosifiwa miaka zaidi ya 20 kuwa nadhifu kuliko zote za aina yake ilikuwa imetiwa wembe, na lebo iliyoipa heshima ilikuwa imewekwa na watu walioikagua.

Kanuni za kampuni za upimaji ni kali juu ya jambo hilo. Kadi iliyopunguzwa ukingo, iliyotiwa rangi kwa kalamu ili kuficha mchubuko, au iliyobanwa ili mkunjo upotee, haipewi alama. Huandikwa kwamba ni halisi lakini imebadilishwa, na bei yake huporomoka. Wapimaji huipima ukubwa, huangalia kingo kwa hadubini, huimulika kwa taa ya urujuanimno ambayo huonyesha wino mpya juu ya wa zamani. Hata hivyo nyingine hupita. Mwaka 2019 wakusanyaji wenyewe walilinganisha picha za minada ya zamani na za minada mipya, wakagundua kadi kwa mamia ambazo zamani zilikuwa na doa au kona butu, na sasa zilikuwa zimerudi sokoni zimefungiwa kwenye makasha zikiwa na alama za juu. Walizitambua kwa madoa madogo ya uchapaji ambayo ni kama vinasaba vya kila kadi.

Halafu kuna udhaifu mwingine ambao si uhalifu. Anayetoa alama ni binadamu. Wafanyabiashara wengi huvunja kasha lenye 9, wakaipeleka kadi tena, na mara nyingine ikarudi na 10. Karatasi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni macho, siku, au taa iliyokuwa juu ya meza. Siamini kwamba tofauti ya namna hiyo inastahili bei ya nyumba.

Soko lenyewe limeanza kunikubalia kwa njia yake, angalau kwa kadi za Wagner. Agosti 2021 moja yenye alama ya 3 tu iliuzwa kwa dola milioni 6.606. Agosti 2022 nyingine, yenye 2, iliuzwa kwa milioni 7.25. Ndiyo, bei za soko zima zilikuwa zimepanda mno tangu 2007, na kulinganisha miaka tofauti si haki kabisa. Lakini wanunuzi hao walijua wanachonunua: karatasi iliyokunjwa, iliyochakaa pembe, ambayo kila jeraha lake ni la kweli. Hata vipande vya Wagner vilivyopungua nusu nzima vimeuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola na zaidi. Kitu kikiwa adimu sana, uchakavu hupoteza nguvu yake ya kukishusha.

Na kinyume chake ni kweli. Hali nzuri haiwezi kuumba thamani mahali isipokuwepo. Mwaka 2009, kijana wa Dar es Salaam Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akaenda Memphis Grizzlies na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Kadi za msimu wao wa kwanza zilitoka pamoja, kwa karatasi ile ile na mitambo ile ile. Za Curry zenye alama ya juu leo ni maelfu ya dola, na zile adimu ni zaidi ya hapo sana. Za Thabeet, hata zikiwa hazina alama ya kidole, mtu huzipata kwa bei ya chakula cha mchana. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki Septemba 2024 akiwa ameingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa mpira wa kikapu, bei ya kadi zake ni karibu na hiyo kwa sababu nyingine: za kwanza ni za 1991, miaka ambayo kampuni zilichapa kadi kupita kiasi na kila mtu alizitunza vizuri akitumaini utajiri. Kadi nzima zikiwa rundo, uzima wake hauna mnunuzi.

Hata hivyo, kama ningekuwa na mtoto anayependa kikapu, kadi ya kwanza ningemnunulia ya Thabeet, na ningemfundisha kuitunza kama ya milioni.

Kuitunza huku kwetu kuna ugumu wake. Hewa ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja ina unyevu mwingi, na kadi zenye utando wa kung'aa, kama zile za Pokémon, zinaundwa na tabaka la karatasi na tabaka la foili. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka, foili hainywi, basi kadi hupinda. Masika ikikolea, koga nayo huja. Wanaohifadhi nyaraka hupendelea unyevu wa asilimia 40 hadi 50, jambo gumu kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, lakini sanduku la plastiki linaloziba vizuri, lenye vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya, hupunguza madhara. Liinue kutoka kwenye sakafu ya saruji na liepushe na dirisha, maana jua hula wekundu na manjano kwanza. Kila kadi iingie kwenye kifuko laini kabla ya kutiwa kwenye kigumu, kwa sababu kigumu peke yake hukwaruza uso. Epuka vifuko vya PVC, vile vyenye harufu kali ya plastiki. Kemikali zake huhamia kwenye kadi.

Na tafadhali, usiipige laminesheni. Najua kwetu ndiyo heshima ya mwisho tunayoipa karatasi tunayoithamini, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha shule. Kwa kadi ni kifo: joto na gundi huishika daima, na hakuna kampuni itakayoipa alama. Usiisugue kwa kitambaa chenye maji, usifute jina lililoandikwa nyuma kwa kalamu, usijaribu kunyoosha kona kwa pasi. Kadi yenye mkunjo wa kweli ina bei yake. Iliyotibiwa kwa siri ina mwenye kudanganywa.

Ukitaka kununua iliyokwisha kupimwa, fanya mambo mawili kabla ya kutoa fedha. Itazame kadi yenyewe kwanza, pembe kwa pembe, ukiwa umeifunika lebo kwa kidole, na ujiulize ungeilipia kiasi gani kama alama isingekuwepo. Kisha chukua namba ya usajili iliyo kwenye lebo, uitafute kwenye tovuti ya kampuni iliyoipima, na ulinganishe picha ikiwa ipo, kwa sababu hata makasha siku hizi yanaghushiwa. Muuzaji akikataa kukuonyesha namba hiyo, usinunue.